Nani amchoraye binti yetu?

Watu wazima wana desturi ya kuyapuuza mambo ya watoto mpaka siku yanapogeuka kuwa mambo ya serikali. Ndivyo ilivyokuwa mwezi Juni mwaka 2017, wakati Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini Kenya, iliyokuwa ikiongozwa na Bw. Ezekiel Mutua, ilipoitaka kampuni ya MultiChoice isimamishe vipindi sita vya katuni vilivyokuwa vikionyeshwa katika stesheni za watoto za kulipiwa. Vipindi hivyo vilikuwa The Loud House, The Legend of Korra, Hey Arnold, Adventure Time, Clarence na Steven Universe. Sababu iliyotolewa ni kwamba vilikuwa vikiwazoeza watoto mapenzi ya jinsia moja.

Mjadala uliofuata ulikuwa mkali lakini mfupi. Wapo wazazi na viongozi wa dini walioipongeza bodi kwa kuwalinda watoto, na wapo walioikejeli kwa kupigana na michoro. Kisha moto ule ukazimika kama moto wa mabua. Nauchochea tena leo kwa sababu palikuwa na swali ambalo halikuulizwa na upande wowote, nalo linawahusu wakazi wa Busia, Bumala na Malaba pengine kuliko linavyomhusu mtu wa Nairobi. Swali lenyewe ni hili: mtoto wa kike, mweusi, aliyezaliwa hapa mpakani, anajiona wapi katika hadithi hizi za kuchorwa, na ni nani aliyepewa kalamu ya kumchora?

Kati ya vipindi vile sita, hebu tukichukue kimoja kinacholifafanua swali hili vyema, yaani The Legend of Korra. Tamthilia hiyo ya katuni ilitungwa na Wamarekani wawili, Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, ikaonyeshwa tangu 2012 hadi 2014. Ilikuwa mwendelezo wa nyingine waliyoitunga wao hao, Avatar: The Last Airbender, iliyoonyeshwa tangu 2005 hadi 2008. Ulimwengu wake ni wa kubuni tu. Yamo mataifa manne, na miongoni mwa watu wake wamo wenye kipawa cha kuyaamuru maji, udongo, moto au hewa. Katika kila kizazi huzaliwa mtu mmoja tu, aitwaye Avatar, awezaye kuyaamuru yote manne, na wajibu wake ni kuilinda mizani ya dunia.

Katika hadithi ya kwanza Avatar ni mvulana. Katika hadithi ya pili ni msichana, Korra, mwenye ngozi ya kahawia, aliyetoka kwa watu wa nchi ya barafu ambao watungaji waliwachora kwa kuwaiga Wainuit wa kaskazini ya dunia. Msichana huyu hakai dirishani akingoja mwana wa mfalme aje kumwokoa. Ana misuli na hasira za karibu. Hushindwa, huumizwa, hukata tamaa, kisha huinuka na kujifunza. Konietzko amewahi kusimulia kwamba wakubwa wa stesheni walisitasita kulipia hadithi ya vita na miujiza ambayo shujaa wake ni msichana, kwa kuwa iliaminika katika biashara hiyo kwamba wasichana hukubali kutazama hadithi za wavulana, lakini wavulana hawakubali kutazama hadithi za wasichana. Walipoonyeshwa wavulana kwa majaribio, jambo hilo halikuwasumbua hata kidogo. Hofu ilikuwa ya watu wazima.

Basi kosa la Korra mbele ya bodi lilikuwa wapi? Tamthilia nzima ina vipindi 52. Katika dakika za mwisho za kipindi cha mwisho, kilichotolewa Desemba 2014, Korra na rafikiye wa kike Asami wanashikana mikono na kuondoka pamoja, na baada ya siku chache watungaji wakathibitisha kwamba walikusudia kuonyesha mapenzi. Sina haja ya kubishana hapa na mzazi asemaye kwamba jambo hilo halimfai mwanawe wa miaka sita. Bodi ina wajibu wake chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na msimamo wa sheria za Kenya juu ya mahusiano hayo unajulikana. Mahakama Kuu iliushikilia tena mwezi Mei 2019.

Ninachotaka msomaji akitazame ni kipimo kilichotumika. Hadithi nzima ilipimwa kwa dakika zake za mwisho. Haikuulizwa inamfundisha nini mtoto wa kike kuhusu ujasiri, wala inamfundisha nini mtoto mweusi kuhusu mahali pake duniani. The Loud House nayo ilishtakiwa kwa sababu ya mhusika wa pembeni, mvulana mweusi aitwaye Clyde, ambaye analelewa na baba wawili. Katika hukumu moja, msichana wa kahawia aliyekuwa mhusika mkuu na mvulana mweusi aliyekuwa rafiki wa mhusika mkuu wakatolewa mlangoni, na hapana aliyesema ni nani watakaoingia mahali pao. Bodi iling'oa magugu, lakini haikuonyesha mbegu yoyote ya kupanda.

Nasema hivi kwa sababu kuondoa peke yake hakuachi nafasi tupu. Mtoto aliyenyimwa katuni hii hukaa akatazame nyingine, na hiyo nyingine aghalabu ina binti mfalme mweupe mwenye nywele za dhahabu na mvulana mweupe mwenye upanga. Hizo hazikupigwa marufuku na mtu yeyote.

Katika nchi zilizozitengeneza katuni hizi, suala la rangi limezua ugomvi mwingi. Mwaka 2008 walipotangazwa waigizaji wa filamu ya watu halisi iliyotokana na hadithi ya kwanza ya Avatar, mashabiki walistaajabu kuona kwamba wahusika watatu wakuu, ambao katika katuni walichorwa kwa sura za watu wa Asia na wa nchi za barafu, wamepewa waigizaji weupe. Mwana wa mfalme aliye adui yao alipewa Dev Patel, Mwingereza wa asili ya Kihindi. Mashabiki wakaandika barua, wakafanya maandamano, wakaanzisha harakati ya kupinga desturi hiyo. Filamu ilitoka mwaka 2010 na ikalaaniwa na wahakiki karibu wote. La ajabu zaidi ni kwamba mwelekezi wake, M. Night Shyamalan, mwenyewe alizaliwa India. Tunapata funzo hapa kwamba kumweka mtu wa rangi kwenye kiti cha mbele hakutoshi ikiwa mazoea ya biashara yenyewe hayajaguswa.

Kuna jambo jingine lililofichika zaidi. Katika katuni mtu aweza kuuvaa uso wa mwenzake bila hata kujipaka rangi, kwa maana kinachohitajika ni sauti tu. Sauti ya Korra, msichana wa kahawia, ni ya Janet Varney, mwigizaji mweupe. Kwa miaka mingi hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo. Ni mwaka 2020, baada ya kuuawa kwa George Floyd huko Minneapolis, ambapo waigizaji weupe kadhaa wa Marekani waliacha kutoa sauti za wahusika weusi, na watengenezaji wa The Simpsons wakatangaza kwamba wahusika wasio weupe hawatatolewa sauti tena na waigizaji weupe.

Wapo watakaosema kwamba haya ni makuu yasiyo na maana, kwamba katuni ni katuni tu, na mtoto haoni rangi. Laiti ingekuwa hivyo. Katika miaka ya 1940 wanasaikolojia wawili weusi wa Marekani, Kenneth na Mamie Clark, mtu na mkewe, waliwapa watoto weusi wanasesere weupe na weusi, wakawauliza yupi ni mzuri na yupi ni mbaya. Wengi wa watoto wale walimchagua mweupe kuwa mzuri, na baadhi yao, walipoulizwa ni yupi anayefanana nao, walilia. Utafiti huo ulitajwa katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1954 iliyokataza kuwatenga watoto shuleni kwa rangi zao. Ikiwa mwanasesere wa bei ndogo asiyesema neno aweza kumfundisha mtoto kujidharau, sembuse mwanasesere anayetembea, anayesema, anayeimba na kurudi kila jioni?

Wala si lazima tuende Marekani kuutafuta mfano, kwa maana lugha yetu wenyewe imekwisha kuchorwa. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ilitoa The Lion King, nasi tukafurahi kusikia Simba, Rafiki, Pumbaa na Hakuna Matata katika vinywa vya dunia nzima. Furaha hiyo ilipungua baadaye ilipobainika kwamba mwaka 2003 kampuni hiyo ilisajiliwa maneno hayo mawili ya mwisho kuwa alama yake ya biashara nchini Marekani, na mwaka 2018 maelfu ya watu wakatia sahihi zao kuulaani usajili huo. Lakini katika kelele zile za Hakuna Matata lilipita neno jingine lililostahili kuulizwa. Kiongozi wa fisi, wale wanyama wachafu wanaokaa ng'ambo ya mpaka wa nchi ya simba, mahali pasipofika jua, ni fisi jike, na jina lake ni Shenzi.

Msomaji anajua uzito wa neno hilo. Huko pwani mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiyekuwa na dini ya wenyeji wala ustaarabu wao. Ulipokuja ukoloni, bwana shamba na karani wakalichukua na kumvurumishia mtumishi wao. Ng'ambo ya pili ya mpaka huu wetu, Waganda wengi walikisikia Kiswahili kwanza katika vinywa vya askari, na maneno waliyoyaokota ni yale ya amri na matusi. Zama za Idi Amin ziliutia muhuri uhusiano huo, na mpaka leo wapo wazee wa Uganda wanaokiona Kiswahili kuwa lugha ya bunduki. Neno lililobeba historia yote hiyo likatundikwa shingoni mwa mnyama wa kike. Katika filamu ya 1994 sauti yake ilitolewa na Whoopi Goldberg, na wahakiki wa Marekani wakalalamika kwamba fisi walipewa lafudhi za mitaa ya watu weusi na Walatino ilhali Simba mtu mzima alisemewa na mwigizaji mweupe. Ni haki kuongeza kwamba Mufasa, mfalme mtukufu, alisemewa na James Earl Jones, mtu mweusi. Mizani haikuegemea upande mmoja tu. Ilipotengenezwa upya mwaka 2019 Simba alipewa mwigizaji mweusi. Na Shenzi? Sauti yake ilikuwa ya Florence Kasumba, mwigizaji wa Ujerumani aliyezaliwa Kampala. Binti wa Uganda akafika Hollywood, na jina alilopewa huko ni tusi la Kiswahili.

Baada ya filamu ile ikaja tamthilia ya watoto, The Lion Guard, iliyoonyeshwa tangu mwisho wa 2015 hadi 2019 na kutiwa Kiswahili kingi kuliko katuni yoyote ya Disney iliyoitangulia. Hapana budi kusema kwamba waandishi wake walijirekebisha. Walimwingiza fisi jike aitwaye Jasiri, mwenye akili na utu, aliyekuja kuonyesha kwamba si fisi wote ni waovu. Walimwingiza pia Makini, nyani mdogo wa kike anayefunzwa kazi ya hekima na mzee Rafiki. Hata hivyo, ukiwahesabu walinzi watano wa mwanzo, yaani Kion, Bunga, Fuli, Beshte na Ono, utakuta kwamba wa kike ni mmoja peke yake, Fuli. Na Kiswahili chenyewe, ingawa kinapamba kila wimbo, wahusika hawafikirii kwacho. Wanafikiri kwa Kiingereza, kisha wanajipamba kwa Kiswahili kama mtu avaaye shanga za Kimaasai kwenye mkutano wa kibiashara.

Nilisema kwamba jambo hili linawahusu watu wa mpakani zaidi. Sababu ya kwanza ni kwamba marufuku ya Nairobi haina nguvu hapa. Amri ya bodi hufika Busia na Malaba, ikakoma. Mawimbi ya stesheni za Uganda hayaulizwi pasipoti, na Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walizindua rasmi kituo cha pamoja cha Busia ili watu na mizigo vivuke kwa ukaguzi mmoja. Filamu hazikungoja kituo hicho. Zilikuwa zikivuka zamani katika kanda, kisha katika diski, na sasa huvuka katika kadi ndogo ya simu inayojazwa kwenye kibanda kwa shilingi chache. Mtoto wa Malaba mwenye jamaa Tororo atatazama huko kile alichonyimwa huku. Kukataza upande mmoja wa njia ni kuteka maji kwa pakacha.

Sababu ya pili ni ya sauti. Nchini Uganda imestawi sanaa ya wafasiri wa filamu waitwao VJ, akina VJ Jingo na wenzao, ambao huchukua filamu ya kigeni na kuisimulia kwa Kiganda kutoka mwanzo hadi mwisho, wakitia mzaha, methali na majina ya mitaa ya Kampala. Huku kwetu Kenya yuko DJ Afro na wafuasi wake, wanaofanya hivyo kwa Kiswahili cha mitaani. Ni sanaa ya wenyeji, na nina heshima kubwa kwayo, kwa maana imeufungua ulimwengu kwa watu ambao Kiingereza kilikuwa kimewafungia mlango. Lakini na tuseme kweli. Msimuliaji aghalabu ni mwanamume mmoja, naye humsemea kila mtu. Malkia husema kwa sauti yake, mama husema kwa sauti yake, na msichana shujaa naye husema kwa sauti yake, mara nyingi baada ya kutaniwa umbo au mavazi. Ikiwa Mmarekani mweupe kumsemea msichana wa kahawia ni kosa, basi mwanamume wa Kampala au wa Nairobi kuwasemea wanawake wote wa dunia nalo linastahili kutazamwa.

Hapa ndipo wanapojitokeza wale wasemao kwamba dawa ni kuzirudia ngano zetu, kwamba tukizichora hizo tutakuwa tumeponyoka. Nawaunga mkono nusu. Ngano ni hazina, lakini si kila kilichomo hazinani ni dhahabu. Chukua kisa kikuu cha majirani zetu Wajaluo, kisa cha Lwanda Magere, shujaa ambaye mwili wake ulikuwa kama jiwe na ambaye nguvu zake zilikuwa katika kivuli chake. Ni hadithi ya ajabu, na mchoraji hodari angeitengeneza katuni ya kuliza watu. Lakini ni nani aliyeifichua siri ya Lwanda? Ni mkewe, binti wa kabila la adui, aliyetumwa kumpeleleza. Hapo tayari tuna mambo yote mawili tunayowalaumu wageni kwayo: mwanamke ni msaliti, na mtu wa kabila jingine ni nyoka ndani ya nyumba. Katika nchi ya mpakani ambamo Mteso ameoa Msamia, Mmarachi ameolewa na Mjaluo, na nusu ya ukoo uko Kenya na nusu uko Uganda, hadithi hiyo ikichorwa bila kufikiriwa yaweza kuumiza kuliko yoyote ya Disney. Sisemi ifutwe. Nasema anayeichora amuulize yule mke naye alikuwa na lipi la kusema: binti aliyetolewa na wazee wake kuwa silaha, kati ya koo mbili, asiyeulizwa na upande wowote. Hiyo yaweza kuwa hadithi kubwa kuliko ya mwanzo.

Heri ni kwamba kazi imekwisha kuanza. Tanzania, shirika la Ubongo la Dar es Salaam limetoa kwa Kiswahili Ubongo Kids, tangu 2014, na pia Akili and Me, ambamo msichana wa miaka minne aishiye chini ya Mlima Kilimanjaro huingia usingizini katika nchi ya ndoto na kufundishwa hesabu na herufi na wanyama rafiki zake. Nairobi, kampuni ya Kukua ilitoa Super Sema mwaka 2021, kisa cha msichana wa miaka kumi anayeukomboa mji wake kwa sayansi na ubunifu, na Lupita Nyong'o akawa mmoja wa watayarishaji wake wakuu. Mzambia Malenga Mulendema alibuni Supa Team 4, iliyotolewa na Netflix mwaka 2023, ambamo wasichana wanne wa Lusaka ya siku zijazo wanaitwa na bibi mmoja, jasusi mstaafu, kuuokoa mji wao. Mwaka huo huo Disney ilitoa mkusanyo wa filamu fupi kumi za waelekezi wa Kiafrika, Kizazi Moto. Mkenya Ng'endo Mukii alielekeza moja, Enkai, juu ya mtoto wa kike mwenye asili ya kimungu na mama yake. Mganda Raymond Malinga alielekeza nyingine, Herderboy.

Orodha hiyo ni ya kujivunia, na katika yote niliyoyataja hapana binti anayengoja kuokolewa. Lakini mtu asitulie kwa kuhesabu nyuso. Kizazi Moto, jina la Kiswahili, kazi ya Mkenya na Mganda, ilitolewa katika huduma ya Disney+, na mwaka huo wa 2023 huduma hiyo ilikuwa haijafunguliwa Kenya wala Uganda. Mtoto wa London aliweza kuitazama jioni ile ile. Mtoto wa Busia, aliyezaliwa katikati ya nchi za waelekezi hao wawili, hakuweza hata kujisajili. Supa Team 4 ilihitaji ada ya kila mwezi na intaneti isiyokatika. Sema naye, ijapokuwa jina lake ni amri ya Kiswahili, alitolewa kwanza kwa Kiingereza. Kati ya hizi, iliyo karibu zaidi na mtoto wa kijijini ni ile ya Ubongo, ambayo huonyeshwa bila malipo katika televisheni za kawaida, na hapa Kenya stesheni ya watoto ya Akili Kids! iliyoanzishwa Machi 2020 imesaidia kuufungua mlango huo.

Tunaona basi kwamba uwakilishi una ngazi tatu. Ya kwanza ni uso: nani amechorwa. Ya pili ni sauti na kalamu: nani anasema, nani ameandika. Ya tatu, ambayo husahauliwa daima, ni mlango: nani anaruhusiwa kuingia na kutazama. Wamarekani wanabishana juu ya ngazi ya kwanza na ya pili kwa sababu ya tatu kwao imekwisha kutatuliwa. Sisi tukiiga ubishi wao mzima mzima tutashinda uso na sauti, kisha tubaki nje ya nyumba.

Yawezekana kufanyika nini? Kwanza, bodi ya filamu iutumie wajibu wake wa kuainisha kabla ya kukimbilia kukataza. Jina lake lenyewe linasema uainishaji. Iandike umri ufaao, itaje kilichomo, na iutoe uamuzi wake kwa Kiswahili chepesi ili mama wa Bumala aamue mwenyewe. Na siku inapokataza, ieleze pia imependekeza nini mahali pake. Pili, kanuni za utangazaji za Kenya zinazidai stesheni zionyeshe vipindi vya nyumbani, lakini mtu aweza kuutimiza wajibu huo kwa vichekesho na mijadala ya siasa bila kumwekea mtoto hata dakika moja. Sehemu ya wajibu huo itengwe kwa watoto.

Tatu, na hili ni la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kukitekeleza kuwa lugha rasmi na kutaka kifundishwe shuleni. Ipo Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya yenye makao yake Zanzibar. Mtoto wa Uganda aliyerithi hofu ya lugha ya askari hataponywa na kitabu cha sarufi. Akikisikia Kiswahili katika kinywa cha msichana wa rika lake anayemshinda joka, ataipenda lugha hiyo kabla mwalimu hajaingia darasani. Fedha zinazotumika katika makongamano machache zingetosha kuanzisha kazi ya namna hiyo, iandikwe na wanawake na wanaume wa pande zote za mpaka, isemwe na sauti za wasichana wenyewe, na itolewe bure katika stesheni za umma za nchi zote.

Mwisho ni la wasimuliaji wa vibandani, ambao hawangoji serikali. Siku mmoja wao atakapomkaribisha mwanamke kando yake kwenye maikrofoni, atakuwa amefanya mabadiliko makubwa kuliko azimio lolote. Na hapana shaka wateja watakuja, maana wavulana wale wa majaribio ya Korra walikwisha kutuonyesha kwamba hadithi nzuri haimfukuzi mtu.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Wahenga walipolisema hilo, aliyekuwa akimlea mtoto jioni ni bibi aliyekaa karibu na moto, na ikiwa alitia chumvi au aliacha jambo, palikuwa na shangazi wa kumsahihisha. Siku hizi bibi huyo ni mwanga wa kioo, na waliokikalia kiti chake wako Burbank na California kwa jumla, au Nairobi katika ofisi ya bodi. Hatuwezi kuuzima mwanga ule, na binafsi sitaki uzimwe. Lakini binti yetu wa Bumala ana haki ya kuulizwa, walau mara moja, angependa achorweje.